Beethoven, ini lake na swali la msibani Iguguno

Mwezi uliopita nilikwenda Iguguno, wilayani Mkalama, kumzika kaka yangu, mtoto wa mjomba. Alikuwa mkulima wa alizeti na vitunguu, mtu wa rika langu, miaka 40 na ushei. Alianza kutapika damu saa nane usiku. Hadi lilipopatikana gari la kumkimbiza Singida mjini, alikuwa amekwisha kata roho. Haya nayaandika kwa ruhusa ya familia yake.

Msibani nilisikia maelezo mawili. Chini ya turubai wanaume walisema ni vidonda vya tumbo vilivyopasuka. Kwenye mafiga wanawake walisema kwa sauti ya chini kwamba amelishwa kitu, na jina la jirani mmoja lilikuwa limeanza kutajwa.

Nilikaa ndani na wifi yangu, mjane, nikamuuliza polepole. Macho ya marehemu yaliwahi kuwa ya njano? Ndiyo, miaka mitatu iliyopita, akanywa dawa ya mizizi yakarudi kuwa meupe. Tumbo liliwahi kuvimba? Ndiyo, tangu mwaka jana suruali zilikuwa hazifungi, watu wakamtania kwamba ameota kitambi cha hela za alizeti. Aliwahi kupimwa homa ya ini? Hapana. Na yeye mwenyewe, na watoto wake wanne? Hapana.

Sikusema mengi siku ile, maana msibani si mahali pa mhadhara. Lakini njiani kurudi nilimkumbuka mtu mwingine aliyekufa na ini bovu, ambaye sababu ya kifo chake iliendelea kutafutwa kwa miaka 196. Ni Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki.

Huenda unasema humjui. Ule muziki mwepesi wa piano unaotumika kama mlio wa simu, uitwao Für Elise, ni wake. Na wimbo wa Umoja wa Ulaya unatokana na simfoni yake ya tisa. Nakusimulia maisha yake kwa sababu ugonjwa wake uliandikwa kwa kina kuliko wa wagonjwa wengi wa zama zake, na kwa sababu yeye mwenyewe aliomba kwa maandishi kwamba sababu yake ijulikane. Ukimfuata hatua kwa hatua, utaona njia ambayo ini hupita kabla mtu hajafikia usiku kama ule wa Iguguno.

Kijana aliyelea wadogo zake

Beethoven alibatizwa mjini Bonn, Ujerumani, tarehe 17 Desemba 1770. Baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji wa kasri ya mtawala wa pale, na alikuwa mlevi. Bibi yake mzaa baba naye alisumbuliwa na pombe. Wazazi wake walipata watoto 7, lakini waliokua hadi utu uzima ni wavulana watatu tu: Ludwig, Karl na Johann.

Mwaka 1787, Ludwig akiwa na miaka 16, mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Baba alizidi kuzama kwenye pombe hadi kazi ikamshinda. Miaka miwili baadaye kijana huyo aliandika maombi kwa mwajiri wa baba yake, akaomba nusu ya mshahara wa mzee apewe yeye ili awalishe wadogo zake. Akakubaliwa. Wewe uliyeachiwa wadogo zako ukiwa bado hujamaliza shule unaelewa mzigo huo.

Mwaka 1792 alihamia Vienna, mji mkuu wa Austria, kusoma kwa mtunzi mkubwa Joseph Haydn. Kwa miaka michache tu alijulikana mji mzima kwa kupiga piano. Kisha, karibu na mwaka 1798, masikio yakaanza kumsaliti. Alisikia mvumo mchana na usiku, na sauti za juu zikawa hazimfikii.

Uziwi ndio watu wanaoukumbuka. Lakini barua zake zinataja pia tumbo: maumivu na kuharisha kulikomrudia miaka nenda rudi. Mwaka 1801 alimwandikia rafiki yake wa utotoni, ambaye alikuwa daktari, akamweleza mambo yote mawili, na akamwomba asimwambie mtu. Madaktari walimpa vidonge, wakamshauri kuoga maji ya vuguvugu, na mmoja akamfunga mikononi magome ya mti yenye ukali hadi ngozi ikatoka malengelenge. Nataja magome hayo ili usidhani kuzunguka kwa waganga wa kila aina ni tabia yetu peke yetu. Mgonjwa asiyejua anaumwa nini hujaribu kila kitu, awe Vienna au Mkalama.

Wasia wa mgonjwa

Oktoba 1802, akiwa kijijini Heiligenstadt nje ya Vienna, Beethoven aliandika barua ndefu kwa wadogo zake wawili. Alikuwa na miaka 31. Alieleza aibu ya kuwa mwanamuziki asiyesikia, na jinsi alivyokaribia kukata tamaa ya kuishi. Ndani ya barua hiyo aliweka ombi moja: atakapokufa, kama daktari wake, Profesa Schmidt, bado atakuwa hai, ombeni aandike habari za ugonjwa wake na kuzitangaza, ili watu waliomwona mkali na mwenye kiburi wapate kumwelewa.

Barua hiyo hakuituma. Aliificha, ikapatikana baada ya kifo chake. Na Profesa Schmidt alifariki mwaka 1809, miaka 18 kabla ya mgonjwa wake.

Ombi hilo linanigusa kama daktari. Kila siku nakutana na watu wanaotaka dawa upesi, lakini wachache wanaouliza jina la ugonjwa wao. Beethoven alitaka jina. Alijua kwamba ugonjwa usio na jina huzaa maneno mabaya, na maneno hayo humwangukia mgonjwa, au jirani yake.

Macho ya njano, kisha damu

Miaka ikapita. Alitunga kazi zake kubwa huku uziwi ukizidi. Kuanzia mwaka 1818 wageni wake walimwandikia maneno kwenye madaftari ili aweze kuzungumza nao. Alipigania mahakamani malezi ya mtoto wa mdogo wake Karl, aliyefariki mwaka 1815. Divai ilikuwa ya kawaida mezani kwake, kama ilivyokuwa kwa watu wengi wa Vienna.

Kiangazi cha mwaka 1821 macho na ngozi yake vikawa vya njano. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza iliyo wazi kwamba ini lake lina tatizo. Kazi mojawapo ya ini ni kusafisha damu na kuondoa rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu zilizozeeka. Likishindwa, rangi hiyo hubaki mwilini na kuonekana machoni. Baada ya muda manjano yalipungua, naye akarudi kwenye kazi.

Msomaji wangu, hapa ndipo familia nyingi hudanganyika. Macho yakishakuwa meupe tunasema amepona, na dawa tuliyokunywa wiki hiyo ndiyo inayosifiwa. Kwa virusi vya homa ya ini aina B, manjano kupotea hakumaanishi virusi vimeondoka. Vinaweza kubaki ndani ya ini miaka 20 au 30, vikilijeruhi kidogo kidogo, bila homa wala maumivu. Jeraha likipona linaacha kovu, na kovu juu ya kovu hulifanya ini kuwa gumu. Kitaalamu hali hiyo huitwa sirosisi.

Mei 7, 1824, simfoni yake ya tisa ilipigwa kwa mara ya kwanza jijini Vienna. Alisimama jukwaani, mgongo wake ukiwa upande wa watu, na hakusikia makofi hadi mwimbaji Caroline Unger alipomgeuza aone mikono na vitambaa vikipeperushwa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1825, aliugua sana tumbo. Daktari Anton Braunhofer alimkataza divai, kahawa na viungo vikali. Mwezi uliofuata Beethoven alimwandikia daktari huyo kwamba anatokwa damu puani mara kwa mara na kwamba anatema damu nyingi kiasi. Yeye mwenyewe alidhani inatoka kwenye njia ya hewa.

Damu inayotoka mdomoni inaweza kutoka kwenye mapafu, puani, kwenye fizi, tumboni au kwenye umio, yaani njia ya chakula. Mgonjwa hawezi kujua kwa kukisia. Ini ndilo linalotengeneza vitu vingi vinavyoifanya damu igande, kwa hiyo mwenye ini bovu hutokwa damu kirahisi hata mahali padogo. Leo mtu mwenye historia kama yake, aliyewahi kuwa na manjano kisha anatoa damu mdomoni, ningemtaka afike hospitali siku hiyohiyo.

Beethoven alipata nafuu. Kwa shukrani alitunga sehemu moja ya muziki wa nyuzi iliyo kama sala ya mtu aliyepona. Lakini masharti ya Braunhofer hayakudumu, na divai ikarudi mezani.

Maji tumboni

Mwishoni mwa mwaka 1826 alikuwa kijijini Gneixendorf kwa mdogo wake Johann, aliyekuwa mfamasia. Miguu ilikuwa imevimba na hamu ya chakula imepungua. Mwanzoni mwa Desemba alisafiri kurudi Vienna kwa gari la farasi lililo wazi, kwenye baridi kali, akalala njiani katika nyumba isiyo na moto. Alifika akiwa na homa ya mapafu. Daktari Andreas Wawruch alimtibu, kifua kikatulia, lakini siku chache baadaye alipatwa usiku mmoja na kutapika na kuharisha kukali. Asubuhi daktari alimkuta anatetemeka, mwili wote wa njano. Baada ya hapo tumbo lake likaanza kujaa maji.

Tarehe 20 Desemba walimtoboa tumbo kuyatoa maji hayo. Hakukuwa na dawa ya ganzi. Maji yalimwagika kwa wingi, na mgonjwa alitania kwamba daktari wa upasuaji anamkumbusha Musa alipoupiga mwamba kwa fimbo. Walirudia tarehe 8 Januari, 2 Februari na 27 Februari 1827. Daktari mwingine, Malfatti, alimpa kinywaji cha barafu chenye pombe. Kwa siku chache mgonjwa alilala vizuri na kuchangamka, kisha hali ikawa mbaya zaidi. Kwa ini lililofikia hapo pombe yoyote ni sumu, iwe divai ya Vienna au pombe ya mtama ya kwetu.

Alifariki jioni ya tarehe 26 Machi 1827, radi zikipiga nje. Alikuwa na miaka 56. Maelfu ya watu walimsindikiza makaburini.

Alichokiona Daktari Wagner

Siku iliyofuata kifo, Daktari Johann Wagner aliuchunguza mwili. Aliandika kwamba ini lilikuwa limesinyaa hadi nusu ya ukubwa wa kawaida, gumu kama ngozi iliyokaushwa, limejaa vinundu vya ukubwa wa maharage. Bandama lilikuwa limevimba zaidi ya mara mbili. Tumbo lilikuwa na maji mengi.

Nikuombe uyatazame mambo hayo matatu kwa pamoja. Damu yote inayotoka kwenye utumbo na bandama hupita ndani ya ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Fikiria mfereji wa maji shambani kwako. Ukiziba mbele, maji hurudi nyuma, hujaa na kutafuta pa kupitia. Ini likiwa gumu kwa makovu, damu hurudi nyuma vivyo hivyo. Bandama huvimba, na maji huvuja na kujaa tumboni. Damu nyingine hujitafutia njia ya pembeni kupitia mishipa midogo ya umio na ya sehemu ya juu ya tumbo la chakula.

Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba damu nyingi kiasi hicho. Hutanuka, kuta zake huwa nyembamba, na siku moja mmoja hupasuka. Hakuna maumivu ya kukuonya. Mtu amekula vizuri, amelala, kisha anaamka anatapika damu mbichi, au matapishi meusi kama machicha ya kahawa, au anapata choo cheusi, kinachong'aa kama lami na chenye harufu kali.

Beethoven hakufikia mwisho huo wa damu kumwagika ghafla, bali ini lake lilichoka na mwili wote ukafuata. Lakini bandama lile na maji yale vinatuonyesha kwamba shinikizo ndani ya mishipa lilikuwa limepanda. Kaka yangu wa Iguguno, kwa jinsi wifi alivyonieleza, alipita njia hiyohiyo: manjano, miaka ya ukimya, tumbo kujaa, kisha damu.

Nywele zilizotoa jibu

Watu wa Vienna walikuwa na desturi ya kukata nywele za mtu mashuhuri na kuzitunza kama kumbukumbu. Nywele za Beethoven zilisambaa sehemu nyingi. Machi 2023 kundi la watafiti wa Uingereza, Ujerumani na Marekani, akiwamo Tristan Begg wa Chuo Kikuu cha Cambridge, lilichapisha matokeo ya kuzichunguza. Kati ya vishungi 8 walivyopima, 5 vilikuwa vyake kweli. Kimoja kilichokuwa maarufu sana, ambacho kilitumika zamani kudai kwamba aliuawa na sumu ya risasi, kilibainika kuwa ni cha mwanamke.

Katika kishungi kilichohifadhiwa vizuri kuliko vyote walikuta vinasaba vya virusi vya homa ya ini aina B. Walikuta pia kwamba alirithi mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa ini. Virusi, urithi na pombe vilikutana katika mwili mmoja. Nywele haziwezi kusema aliambukizwa lini wala kwa njia gani, na sababu ya uziwi wake haikupatikana. Lakini ombi la mwaka 1802 lilianza kujibiwa, miaka 196 baada ya mwombaji kuzikwa.

Wewe huna haja ya kusubiri hivyo. Kipimo cha homa ya ini B ni tone la damu, na majibu hutoka wakati umekaa kwenye benchi.

Mambo ya kujua nyumbani kwako

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B. Katika mwaka huohuo homa ya ini aina B na C kwa pamoja ziliua watu wapatao milioni 1.3. Afrika ni miongoni mwa maeneo yanayobeba mzigo mkubwa.

Hapa Tanzania, madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwahi kuwachunguza kwa kamera wagonjwa waliofika wakitokwa damu tumboni. Chanzo kilichoongoza kilikuwa mishipa ya umio iliyovimba, na vidonda vya tumbo vikafuata nyuma yake. Kwa hiyo usiridhike na maelezo ya vidonda vya tumbo kabla ya uchunguzi. Kwa ndugu zetu wanaovua, kulima mpunga au kuoga ziwani, kichocho cha tumbo nacho huleta mishipa ya namna hiyohiyo, hata bila virusi.

Virusi vya homa ya ini B huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kujifungua, watoto wadogo wanaoishi pamoja, ngono isiyo salama, wembe na sindano za kushirikiana. Haviambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mkono, wala kukaa karibu na mgonjwa. Usimtenge ndugu yako.

Umri wa kuambukizwa una maana kubwa. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa au katika mwaka wa kwanza, takriban 9 hubaki na virusi hivyo maisha yao yote. Kwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 20. Ndiyo maana mjamzito anapaswa kupimwa, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Uliza kliniki unakotarajia kujifungulia kama dozi hiyo ipo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, na tangu 2009 chanjo hiyo imo ndani ya Pentavalenti, inayotolewa wiki ya 6, 10 na 14. Usikose hata moja.

Sasa jiulize: wewe mzazi ulizaliwa lini? Kama ni kabla ya 2002, hukuipata chanjo hiyo utotoni. Wengi wetu tuko hapo. Pima kwanza. Ukiwa huna virusi, chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu katika miezi sita. Ukiwa navyo, si hukumu ya kifo. Wengine huhitaji kufuatiliwa tu, na wengine hupewa dawa kama tenofovir, ambayo huvidhibiti virusi na kulilinda ini. Usiianze wala kuiacha bila daktari.

Aliyekwisha kupata makovu ya ini anaweza kupimwa umio kwa kamera. Mishipa ikionekana imevimba, zipo dawa za kupunguza shinikizo lake, na ipo njia ya kuifunga kwa vipete vidogo vya mpira kabla haijapasuka. Mtu huyo asinywe pombe kabisa. Asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya mgongo au kichwa bila kuuliza. Na dawa za mizizi azikwepe, kwa sababu ini ndilo linalolazimika kuzichuja.

Damu ikianza kutoka

Mtu akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, hiyo ni dharura, hata kama anasema anajisikia vizuri. Mlaze kwa ubavu ili asipaliwe. Usimpe chakula, maziwa, majivu wala dawa ya kienyeji. Tafuta usafiri saa hiyohiyo, na mpigie mhudumu wa afya aliye karibu akueleze ni hospitali ipi yenye damu. Beba dawa anazotumia na kadi zake. Ndugu wawili au watatu wenye afya waende pamoja naye, maana huenda wakahitajika kuchangia damu. Ukikaa kijijini, panga leo nani mwenye gari atapigiwa simu usiku. Kupanga saa nane za usiku, damu ikiwa tayari kwenye beseni, ni kuchelewa.

Baada ya arobaini nilirudi Iguguno. Safari hii nilikaa na wifi, na shemeji zake, na yule jirani ambaye jina lake lilikuwa linatajwa. Niliwaeleza habari za ini, za mfereji uliozibwa, na za yule mwanamuziki aliyetaka ugonjwa wake ujulikane. Mzee mmoja aliuliza kwa nini basi hospitali hawakuwaambia mapema. Nilimjibu kwamba hakuna aliyekwenda kupimwa, na kwamba sisi madaktari nasi tumechelewa kufika vijijini na habari hii.

Wiki iliyofuata wifi aliwachukua watoto wote wanne, wakapanda basi dogo kwenda kupimwa. Majibu yao ni yao, siyaandiki gazetini. Itoshe kusema kwamba sasa wanayajua, na wanajua la kufanya.

Nawe ukimaliza kuusoma ukurasa huu, kumbuka ni nani katika familia yako aliyewahi kuwa na macho ya njano, au aliyekufa tumbo likiwa limejaa maji. Kisha uwapeleke walio hai wakapimwe.